Fildi Bila Ofisi: Kisa cha Mwanafunzi Aliyejipangia Mafunzo ya Uandishi

Fomu ya mafunzo kwa vitendo, ambayo vyuoni tunayaita fildi, ina mstari unaosema "Jina la taasisi itakayompokea mwanafunzi". Wengi huujaza mapema, maana nafasi zinagombaniwa: gazeti, redio, ofisi ya habari ya halmashauri, shirika lenye jarida lake. Aliyechelewa huzunguka mjini na bahasha ya kaki mpaka muhuri upatikane popote pale, hata iwe ofisi ambayo hakuna anayeandika chochote zaidi ya risiti. Mwanafunzi ninayemzungumzia hapa, wa mwaka wa pili, shahada ya Kiswahili, aliuacha mstari huo wazi. Alikuja na karatasi moja ya mpango: wiki nane Muheza, mkoani Tanga, kuandika maisha ya watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, wale waliobaki. Mwajiri hana, mhariri hana, dawati hana.

Jina lake silitaji, wala ya wazee aliozungumza nao. Nilikuwa msimamizi wake upande wa chuo, kwa hiyo rasimu zake zote zilipita mikononi mwangu, pamoja na daftari lake la kila siku na ujumbe wa sauti alionitumia usiku alipokuwa karibu kukata tamaa. Nakiandika kisa hiki kwa kuwa siku hizi kila mwaka hajakosekana mmoja au wawili wanaotaka kufanya kama yeye, na idarani tumegawanyika. Wapo wanaosema huku ni kujificha nyumbani wiki nane na kurudi na ripoti ya kutunga. Wapo wanaosema hii ndiyo fildi yenyewe, mwanafunzi akiwa huru hatimaye. Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya uhuru, wakati uhuru ndio uliomsaidia kidogo kuliko vyote. Kilichomfundisha kuandika ni ahadi aliyojifunga nayo wiki ya kwanza bila kuifikiria sana: kwamba kila atakayemhoji, atarudi kumsomea alichoandika kabla hajakipeleka kokote.

Kwanza mkonge wenyewe, maana bila huo kisa hakieleweki. Ulifika Tanganyika mwaka 1893. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza Tanga kuelekea bara. Kutokana na miche ile michache yalitoka mashamba yaliyotanda Muheza, Korogwe na kwingineko, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa ikizalisha tani 230,000 hivi kwa mwaka, ikiongoza dunia. Baada ya hapo zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, na uzalishaji ukaporomoka miaka hadi miaka. Watu wa kuifanya kazi ile walitolewa mbali: Waha na Warundi kutoka magharibi, Wabena na Wangoni kutoka kusini, Wamakonde kutoka Msumbiji. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Babu wa huyu binti, mzaa mama, alikuwa mmoja wao. Alitoka Kigoma akiwa kijana, akakata mkonge, akaoa Muheza, akazikwa hukohuko kabla mjukuu hajajua la kumuuliza.

Kwa hiyo sababu alikuwa nayo, na mahali pa kufikia alikuwa napo: kwa mama yake mdogo. Fedha ilikuwa ile ya mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo mwanafunzi wa Dar es Salaam angeimaliza kwa nauli ya daladala na chakula cha mchana.

Daftari la wiki mbili za mwanzo linasikitisha kulisoma. "Kupanga kazi." "Kuendelea kupanga kazi." "Kufuatilia kibali." Kufuatilia kibali ilikuwa kweli: barua ya chuo ilikwenda kwa Katibu Tawala wa Wilaya, kutoka hapo kwa mtendaji wa kata, kutoka hapo kwa mtendaji wa kijiji, na kila meza ina siku yake ambayo mwenyewe yuko semina. Lakini kupanga kazi lilikuwa jina la heshima la kitu kingine. Aliamka, akafagia uwanja, akachota maji, akapika uji wa watoto, akaenda sokoni, na saa nane mchana alipokaa chini ya mti na daftari, mama mdogo akamwita amshikie mtoto. Mama mdogo hakuwa na ubaya wowote. Mtu anayekwenda kazini huonekana akiondoka. Anayekaa uani na kalamu yuko nyumbani, na wa nyumbani hutumwa. Nina hakika kijana wa kiume angetumwa kidogo zaidi, lakini hilo ni kisa kingine.

Alilitatua kwa njia ambayo ofisi yoyote ingempa bure, nayo ni kuondoka asubuhi. Alikwenda kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya jirani, akaomba kona ya kukaa katika chumba cha walimu, na badala yake akaahidi kwamba atakachoandika atakiacha shuleni kiwe kitabu cha kusoma cha darasa la sita. Mwalimu mkuu akakubali, na akakubali pia kumsainia daftari na kulipiga muhuri kila Ijumaa. Ndivyo mstari uliokuwa wazi kwenye fomu ulivyojazwa. Mama mdogo alipoona mwenzake anatoka saa moja na nusu amevaa viatu vya kufunika, kutumwa kukaisha.

Mzee wa kwanza alikuwa na umri wa miaka themanini na ushei, na alikuwa akimfahamu babu yake. Hilo lilimfungulia mlango, likamharibia pia mahojiano, kwa sababu saa nzima ya kwanza ilikuwa habari za ukoo. Alirekodi kwa simu. Akarudi, akaandika kurasa tatu, akanitumia. Aya ya kwanza ilikuwa hivi:

"Katika kipindi hicho wafanyakazi walikuwa wakikabiliwa na changamoto mbalimbali ikiwemo mazingira magumu ya kazi, ukosefu wa huduma bora za afya pamoja na ujira mdogo usiokidhi mahitaji."

Nilikuwa nimeshashika kalamu nyekundu, nikaiweka. Nilitaka nione ahadi yake itafanya nini. Nikamjibu: kamsomee kwanza mwenyewe.

Alikwenda. Baada ya shikamoo na marahaba, baada ya kahawa, akasoma. Mzee alisikiliza mpaka mwisho wa ile aya, akamwuliza:

"Mjukuu wangu, huyo ni nani?"

"Ni wewe, babu."

"Mimi sikukabiliwa na hayo. Mimi nilikata mkonge."

Akamweleza upya, na safari hii, kwa kuwa alikuwa akisahihisha wala hahojiwi, alieleza mambo ambayo mara ya kwanza hayakuwa yamemjia. Akasema habari ya kuamka. Akasema habari ya mwiba wa ncha ya jani, kwamba asiyeukata kwanza atajichoma jicho anapofunga mzigo. Akasema maji ya mkonge yanavyowasha ngozi, na kwamba ulijua nani mgeni shambani kwa kumwangalia mikono. Kisha akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa ya unga lililoota kutu, na humo mlikuwa na kadi ya kipande, ile ya kuhesabia siku za kazi, ya marehemu kaka yake, imekunjwa mara nne, visanduku vya siku vimewekwa alama kwa wino uliopauka na vitatu vya mwisho vikiwa vitupu.

Rasimu ya pili ilianza hivi:

"Saa kumi alfajiri chuma kililia. Kilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, na nyapara alikigonga kwa nondo. Asiyekuwapo jina lake likiitwa, siku ile haikuwekwa alama kwenye kadi yake, na kadi isiyotimiza siku 30 haikulipwa."

Msomaji aone mwenyewe tofauti. Nimefundisha uandishi darasani muda mrefu na nimeandika "onesha, usitaje kwa jumla" pembeni mwa karatasi zisizohesabika. Maneno yale hayakuwahi kufanya kilichofanywa na swali la mzee mmoja. Binti alikuwa anayajua yote hayo kwa nadharia. Mtihani wangu wa uandishi alikuwa ameufaulu vizuri. "Changamoto mbalimbali" aliitoa wapi? Aliitoa kwetu: kwenye ripoti, hotuba za mgeni rasmi, taarifa ya habari, makala za wanafunzi waliotangulia zilizowekwa maktaba kama mfano. Ni Kiswahili kinachoandikwa na mtu anayetarajia kusomwa na ofisa. Siku msomaji alipokuwa mtu aliyeketi mbele yake kwenye mkeka, anayejua kila kinachosemwa kuliko mwandishi, Kiswahili kile kikakosa pa kukaa.

Ahadi ilikuwa na upande wake mgumu vilevile. Mzee huyohuyo alimwambia kwamba mkonge uliletwa na Mwingereza, naye akaandika hivyo kama ilivyo, maana mwenye habari ndiye aliyesema. Nilipomwuliza alihakikishaje, akashangaa: angewezaje kumrudia mzee na kumwambia si kweli? Alikwenda Tanga mjini, akaingia Makumbusho ya Urithi kwenye Boma la zamani la Wajerumani, akakaa maktaba ya mkoa, akarudi na habari za Hindorf na miche yake 62. Kisha ikabidi afikirie. Mzee alizaliwa Mwingereza akiwa ameshatawala. Kila mzungu wa shamba aliyemwona alikuwa, kwake, ni mtu wa serikali ile. Hakuwa amedanganya. Katika maandishi ya mwisho mzee anasema lake kwa kinywa chake, na sentensi inayofuata ni ya mwandishi: mkonge ulikuwapo tayari zaidi ya miaka 20 kabla Mwingereza hajaichukua nchi, ila mzee hakuwa na namna ya kuuona ule wa mwanzo. Aliposomewa, alicheka tu. "Basi waliuacha ukubwa," akasema, na hilo nalo likaingia.

Katikati ya fildi kulikuwa na kipande kirefu kisichopendeza, nacho ni kunakili rekodi. Saa moja ya maongezi inakula saa nne, tano, na zaidi kama nyuma kuna jogoo na pikipiki. Wiki ya nne aliniomba ruhusa aandike kwa kukumbuka, atumie rekodi pale tu panapotatanisha. Nilimwambia hakuna wa kumkataza, na ilikuwa kweli. Huo ndio uzuri na ubaya wa mpango wake. Akajaribu kwa bibi mmoja aliyekuwa akianika singa, yaani nyuzi za mkonge, ujanani. Akaandika kwa kukumbuka, kisha, kwa sababu ya ile ahadi, akaogopa kwenda kusoma kitu ambacho bibi angekikana, akarudi kusikiliza rekodi.

Alichokuta kilimshtua. Katika kumbukumbu yake bibi alikuwa ameeleza maisha ya taabu tupu. Kwenye rekodi bibi anacheka karibu kila dakika. Anazungumza habari za ngoma za Jumamosi baada ya malipo, habari za kanga aliyoinunua kwa fedha yake mwenyewe bila kumwomba mwanamume, habari za jinsi uwanja wa kuanikia ulivyong'aa asubuhi, nyaya kwa nyaya, singa nyeupe mpaka macho yanauma. Taabu imo: mtoto aliyefia kambini, mume aliyeondoka na hakurudi. Lakini yeye mwenyewe anasema, kwa maneno yake, kwamba miaka ile ndiyo alipokuwa mtu. Binti alikwenda Muheza na hadithi iliyokwisha kutungwa, ya watu walioonewa, na masikio yake yalikuwa yakichuja kila kisichofaa humo. Sidhani kama lipo gazeti ambalo lingempa nafasi ya kuligundua hilo. Mhariri wa gazeti angetaka maneno 700 kufikia jioni, na hadithi ya walioonewa ingekubalika bila swali, kwa kuwa nayo si ya uongo.

Hapo ndipo naweka faida kubwa zaidi ya fildi hii, juu hata ya kuboreka kwa sentensi. Alijifunza kutojiamini pale anapokuwa na uhakika. Baada ya bibi yule, daftari lake linabadilika kabisa: badala ya "Kuandika makala" unakuta "Nimeandika kwamba aliachishwa kazi. Je, alisema aliachishwa au aliacha? Dakika ya 41, sikiliza tena."

Wasomaji wake wa pili walikuwa darasa la sita, na kwao palikuwa na kioja. Alikuwa ameandika kuhusu mashine ya kuchakata majani, ambayo kila mtu wa mashambani huiita korona, tangu zamani. Akasoma: "Babu alihofia korona kuliko kitu chochote, kwa kuwa ilikuwa imekata mkono wa rafiki yake." Darasa likakaa kimya, kisha mtoto mmoja akanyoosha kidole akauliza kama zamani ule ugonjwa ulikuwa unakata watu mikono. Walimu walicheka mpaka machozi. Binti hakucheka sana, kwa kuwa aligundua kwamba ukurasa mzima ulitegemea kitu ambacho msomaji wake hajawahi kukiona. Watoto wale wanakaa kilometa chache kutoka shambani, na hawajui kwamba jani zima la mkonge lililopondwa hutoa singa asilimia nne hivi tu, mengine yote yakawa taka na maji. Aliiandika upya sehemu ile akianza na mlio wa mashine, majani yanayoingia upande mmoja na nyuzi zinazotoka upande wa pili, halafu mtu anayeyalisha kwa mikono, ndipo mkono.

Sasa lile lililomwumiza. Mmoja wa wazee alimpa mazungumzo marefu kuliko wote, na sehemu kubwa ilihusu mafao ambayo yeye na wenzake wanaamini hawakulipwa shamba lilipobadilisha mikono. Alitaja majina, tarehe, nani alikwenda kwa nani. Binti aliandika kurasa nyingi, na kwa maoni yangu ndiyo yalikuwa maandishi yake bora. Alimsomea mzee, mzee akaridhika, akasema sawa kabisa. Siku chache baadaye akaja mjukuu wa mzee na ujumbe: habari ile isitoke.

Alinipigia usiku. Alikuwa na hoja zake zote tayari: mzee alikubali, sauti yake ipo, jina halitajwi, ukweli ni ukweli. Nikamwambia kwamba kwenye gazeti neno la mwisho lingekuwa la mhariri, na kwenye fildi ya kawaida ya chuo lingekuwa la taasisi, lakini yeye alijitakia fildi isiyo na yeyote, kwa hiyo neno la mwisho ni lake. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu. Asubuhi akaenda kwa mzee, akaamkia, akakaa, akaanza kumshawishi taratibu. Mzee alimwacha amalize.

"Mwanangu," akamwambia, "wewe utarudi Dar es Salaam. Mimi nabaki hapa."

Alitoa zile kurasa, akamwachia mzee nakala pekee iliyochapwa, na rekodi akaifuta mzee akitazama. Mwenzangu mmoja idarani anaona alikosea, kwamba ungeweza kufichwa utambulisho na habari ikabaki, na kwamba mwandishi anayefuta rekodi hajawa mwandishi. Hoja hiyo siidharau. Lakini shamba lile lina wazee wanaohesabika, na kila mtu angejua kwa kusoma aya mbili. Kilichokuwa mikononi mwake ni maisha ya mtu mwenye majirani. Darasani tunafundisha maadili ya utafiti kwa muda wa vipindi viwili, na fomu ya ridhaa tunayo, ina mahali pa kusaini. Mzee alikuwa ameisaini. Fomu ile haikumwambia binti kwamba mtu anaweza kukubali Jumatatu akiwa amefurahi kupata msikilizaji, na Alhamisi akakumbuka anaishi wapi.

Upande wa hasara usifichwe. Wenzake waliokwenda kwenye vyombo vya habari walipata mambo ambayo yeye hakuyagusa. Kuna aliyejifunza kuandika habari ya ajali katika dakika ishirini, akiwa amesimama kituo cha polisi. Kuna aliyerudi na namba za wahariri kwenye simu, na mmoja wao alimpa kazi ya mkataba mwaka uliofuata. Kuna pia, sitaki kuficha, aliyekaa wiki nane akifungua madirisha asubuhi na kuagiza chai, akapata muhuri na alama nzuri. Binti wa Muheza hakupata namba ya mtu yeyote wa kumwajiri. Hakujifunza haraka, bado anaandika polepole kupita kiasi, na nikimpa kazi ya siku moja huniletea ya siku tatu. Wala hakuwa na mwenzake wa kumwonea wivu, kitu ambacho chumba cha habari kinacho kwa wingi na kinasukuma watu sana. Wiki ya tano nzima hakuandika hata mstari. Ofisini mtu angeuliza.

Yeye mwenyewe alikuwa na mfano wake wa kujipa moyo. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hukohuko Tanga, alipoandika wasifu wa Siti binti Saad alikuwa mtumishi wa serikali mwenye kazi yake ya mchana. Hapakuwa na chuo kilichompa barua wala bodi iliyompa posho. Aliutaja mfano huo kwangu mara nyingi kidogo kuliko ilivyohitajika, hasa ile wiki ya tano.

Alimaliza na masimulizi manne. Yalichapwa kwenye steshenari ya Muheza mjini, yakapigwa pini, jalada la karatasi ngumu ya kijani. Kila mzee alipata nakala yake, shule ikapata za kutosha dawati moja kitabu kimoja. Mzee wa kwanza, ambaye macho hayamruhusu tena, aliichukua yake akaitia kwenye lile kopo, pamoja na kadi ya kaka yake.

Halafu ikaja ripoti ya chuo. Muundo ni uleule kwa wote: utangulizi, historia ya taasisi, muundo wa uongozi na majukumu ya kila kitengo, kazi zilizofanyika, changamoto, mapendekezo. Binti aliyekuwa ameshaanza kuandika kuhusu chuma na mwembe alirudi akaandika "mwanafunzi alikabiliwa na changamoto mbalimbali", nami nilimwelewa, maana fomu ilikuwa imemuuliza changamoto. Kwenye muundo wa uongozi aliandika sentensi moja: "Taasisi haina vitengo." Sehemu hiyo ina alama 10. Mtahini wa pili alimpa mbili. Kijitabu chenyewe kiliambatanishwa mwisho kama kiambatisho, na viambatisho kwa utaratibu wetu havina alama. Alipata B ya kawaida, chini ya yule wa chai.

Nimepeleka idarani pendekezo kwamba kwa fildi za namna hii maandishi yenyewe yabebe nusu ya alama, na kwamba sehemu ya muundo wa taasisi ibadilishwe kuwa maelezo ya nani alisomewa na alisema nini. Limejadiliwa kwenye kikao kimoja, likaahirishwa kwa kuwa akidi ilivunjika watu walipokwenda chakula cha mchana.

Wakati huohuo nina kijana mwingine wa mwaka wa pili anayetaka kufanya fildi ya kujitegemea. Anataka kuandika habari za stesheni za reli kati ya Tanga na Korogwe. Mpango wake ni mzuri kuliko ule wa binti: una malengo, una jedwali la wiki, una bajeti mpaka ya vocha. Nimeusoma mara mbili nikitafuta jina la mtu hata mmoja atakayemsomea kabla hajaleta kwangu, sikuliona. Nimemrudishia na swali hilo tu pembeni. Muhuri nimeuzuia kwanza.